Miguu ya mama zetu wa Mwanjelwa: mshipa uliotokeza haupakwi krimu

Mama mdogo wangu anauza viazi na vitunguu pale soko la Mwanjelwa, hapa kwetu Mbeya, tangu mimi niko darasa la tatu, na miaka yote hiyo sijawahi kumkuta amekaa, maana ukikaa mteja anapita anaenda kwa jirani, kwahiyo anasimama kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka magharibi, juu ya sakafu ya saruji, na baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua inavyopanda kutokea chini. Mwanzoni ilikua ni mguu kuwa mzito tu jioni. Alafu ikaja mishipa, ya kijani, imepindapinda nyuma ya goti kama minyoo imelala chini ya ngozi, alafu kifundo kikaanza kuvimba kila jioni, alafu ngozi ya upande wa ndani wa kifundo ikaiva, ikawa rangi ya kahawia iliyoungua, ngumu, inawasha usiku kucha. Haya yamechukua kama miaka kumi, na ndani ya hiyo miaka kumi ametumia hela nyingi sana, na kiukweli hakuna hata shilingi moja katika hizo iliyoenda kwenye kitu chenyewe kilichokua kinamsumbua.

Nimefikiria sana kwanini, na naona tatizo linaanzia kwenye neno. Kwetu mshipa ni kila kitu. Inayopitisha damu ni mishipa, ya fahamu ni mishipa, kano zinazoshika misuli nazo watu wanaita mishipa, na mwanaume akisema ana mshipa kila mtu anaelewa ni ngiri au busha. Sasa mama anaingia duka la dawa anasema mwanangu nina mishipa miguuni, yule kijana anampa vidonge vya vitamini B, ambavyo ni vya mishipa ya fahamu. Akienda kwa muuza miti shamba anapewa mzizi wa ngiri. Jirani anamwambia hiyo ni baridi yabisi, paka dawa ya kuchua inayowaka. Mwingine anasema umekanyaga kitu pale sokoni, na mama mdogo akachanjwa chale kwenye mguu ambao tayari damu yake ilikua imetuama. Kila mmoja ametibu mshipa anaoujua yeye, na hakuna hata mmoja aliyemwambia apandishe gauni wauangalie mguu.

Ngoja nieleze kinachotokea, maana ukishaelewa hapa ni ngumu mtu kukudanganya tena. Moyo unasukuma damu kwenda miguuni, hiyo ni rahisi, shida ni kurudi. Kurudi damu inapanda mlima, na ndani ya vena za miguu, yaani ile mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kuna vimilango vidogo vidogo vinavyofunguka damu ikipanda na kujifunga isishuke, na anayeisukuma ni shavu la mguu, yaani kila ukipiga hatua ile nyama ya nyuma inaibana vena na kuikamua kwenda juu. Ndo maana mchuma chai wa Rungwe au Mufindi anaetembea kutwa, mguu wake unajikamua kuliko wa mtu aliesimama sehemu moja, mwalimu, nesi, dada wa saluni, muuza duka, mpiga pasi. Vimilango vikilegea damu inashuka, vena inatanuka, ikitanuka vimilango vinazidi kuachana, na mzigo wote unaishia kifundoni. Ujauzito unaongeza sana, maana damu ya mama mjamzito inaongezeka karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida, homoni zinalegeza kuta za vena na tumbo nalo linakandamiza, na kama mama yako na bibi yako walikua nayo basi na wewe uko kwenye foleni. Kwa wajawazito nawaomba msikimbilie tiba yoyote ya sindano, mara nyingi mishipa inapungua yenyewe miezi michache baada ya kujifungua, subiri kwanza.

Kwahiyo shida iko kwenye mlango, na mlango uko ndani ya vena. Krimu inapakwa juu ya ngozi. Hata iwe ya bei gani, hata mwenye kuiuza awe na picha mia za kabla na baada, krimu haiwezi kwenda kufunga mlango uliolegea huko ndani. Inaweza kulainisha ngozi iliyokauka na kupunguza mwasho, inaishia hapo. Mtu akikuambia inayeyusha mishipa, ondoka na hela yako.

Kinachotakiwa kwanza ni kipimo, na hapa nataka mtu akae anisome vizuri. Mwaka juzi tulimpeleka mama mdogo hospitali moja, sitaitaja, daktari akamwangalia akiwa amelala kitandani, mishipa ikawa imenywea maana ukilala damu inarudi, akaambiwa hii ni mambo ya urembo na umri mama yangu, nenda tu. Alitoka pale amejisikia vibaya, kama vile mwanamke wa miaka hamsini na kitu ameenda kulia lia kuhusu miguu mizuri. Baadae tukampata daktari mwingine, huyu cha kwanza akamwambia vua soksi usimame juu ya kistuli, uzito weka mguu wa kulia. Akapaka ile jeli ya baridi kuanzia kinenani mpaka chini, akaweka kile kichwa cha utrasaundi, alafu kwa mkono mwingine akabana shavu la mguu akaachia. Nilikua nimesimama pembeni nasikia kabisa. Akibana mashine inalia fuu, damu inapanda. Akiachia ilitakiwa kuwe kimya, ila ikalia tena fuuuu ndefu, damu inarudi chini. Akatuonyesha kwenye skrini, akasema ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde hapo mlango umeharibika, wa kwako mama unarudisha karibu sekunde tatu. Mama mdogo alianza kulia pale pale juu ya kistuli. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka kumi mtu alikua amemuonyesha kwamba haumwi maneno.

Hiyo utrasaundi ya dopla ndo msingi wa kila kitu kinachofuata. Bila hiyo, mtu anaekuchoma sindano kwenye mshipa anabahatisha, maana mshipa unaouona nje unaweza kuwa ni mfereji tu, bomba lililopasuka liko juu kinenani au nyuma ya goti, ukiziba mfereji ukaacha bomba utarudi mwakani na mishipa mipya.

Sasa tiba zenyewe. Zipo zisizo za upasuaji na sio hadithi, zinafanya kazi, ila tuelewane kuwa karibu zote zinafanya kitu kimoja, zinaiziba ile vena mbovu, haziirekebishi. Watu wanaogopa wanauliza damu itapita wapi. Sehemu kubwa ya damu ya mguu, kama asilimia 90 hivi, inarudi kwa vena za ndani kabisa kwenye misuli, hizi za juu juu zinabeba kidogo tu, na ikishakua mbovu hata hicho kidogo inakirudisha chini, kwahiyo ukiifunga mguu unapumua. Ndo maana pia lazima vena za ndani ziangaliwe kwanza kama ziko wazi.

Kuna sindano ya dawa inayokausha, dawa zenyewe ni polidokanoli au sodiamu tetradesili, kwa mishipa myembamba ile kama utando wa buibui inachomwa ikiwa maji, kwa mishipa minene inageuzwa povu. Hilo povu linatengenezwa mbele yako, sirinji mbili zinaunganishwa, kwenye moja dawa kiasi kimoja na kwenye nyingine hewa viasi vinne, zinasukumiana huku na huku kama mara ishirini mpaka inakua nyeupe kama povu la sabuni ya kunyolea, njia hiyo ilianzishwa na daktari wa Italia anaitwa Tessari. Povu linaisukuma damu pembeni, linagusa ukuta wa vena, ukuta unavimba unagandana. Unanyanyuka unatembea unaenda nyumbani. Alafu kuna leza na mawimbi ya redio, hapo unachomwa ganzi kuzunguka vena, mrija mwembamba unaingizwa ndani yake na joto linaifunga kutokea ndani, ule wa redio unafika nyuzi 120. Na kuna gundi, jamaa wa ile gundi ya haraka tunayogundishia viatu ila ya kitabibu, Marekani waliiruhusu 2015, hiyo haihitaji joto kabisa.

Ubaya wake? Upo, na mtu akikuficha ujue anataka pesa tu. Mshipa uliozibwa kwa povu unarudi kirahisi kuliko wa leza, yaani baada ya miaka unaweza kuhitaji tena. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna la kwetu, sindano inaweza kuacha alama za kahawia kando ya mshipa, wengi zinafifia ndani ya mwaka lakini wengine zinakaa, kwahiyo kama mtu anafanya kwa ajili ya muonekano tu anatakiwa aambiwe kabla kwamba anaweza kubadilisha mstari wa kijani akapata mstari wa kahawia. Dawa ikimwagika nje ya vena inaweza kutoboa ngozi. Damu kuganda kwenye vena za ndani ni nadra ila ipo. Na zile leza za saluni za kupiga juu ya ngozi msizichanganye na leza ya ndani ya vena, hizo za juu mwanga wake unanaswa na weusi wa ngozi yetu na kuiunguza, ngozi kama yetu kawaida inahitaji leza ya mawimbi marefu, ile ya nanomita 1064, na mkono wa mtu anaejua. Dada wa saluni aliyenunua kamashine mtandaoni hawezi kukuambia mashine yake ni ya mawimbi gani.

Mimi lakini nasimama kwenye soksi za kubana. Najua Uingereza taasisi yao ya NICE mwaka 2013 ilitoa mwongozo kwamba mwenye mishipa inayomsumbua aanze na leza au mawimbi ya redio, ikishindikana povu, ikishindikana upasuaji, na soksi wasipewe watu kama tiba isipokua kama hayo mengine hayafai. Wako sahihi kwa kwao, leza iko karibu. Kwetu mtu wa Chunya au Makete au Kyela leza iko mwisho wa safari ya basi, kutoka Mbeya tu kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 800, umekaa mguu unaning'inia kutwa nzima. Ukimwambia huyo mtu tiba ni leza umemwambia hakuna tiba. Soksi hizo, zenye nguvu ya kubana ya 20 hadi 30 (milimita za zebaki, kama presha inavyopimwa), haziponyi mlango, ukizivua uvimbe unarudi, ila mguu haumi, kifundo hakijai, na kwa mwenye kidonda kubana ndo nusu ya dawa. Na Mbeya tuna bahati moja ambayo watu wa Dar hawana, hali ya hewa yetu inavalika soksi ndefu mwaka mzima, kule mtu anavaa nusu saa anatupa.

Shida ni kwamba watu wananunua wanashindwa kuvaa, wanaziweka kabatini. Zinavaliwa hivi. Asubuhi, kabla hujashusha miguu kitandani, maana ukishasimama dakika kumi tu damu imeshashuka umechelewa. Ingiza mkono ndani mpaka kisiginoni, shika kisigino kigeuze nje, ibaki kama kiatu cha kitambaa, ingiza vidole na kisigino kikae mahali pake kabisa, alafu ndo unapandisha shina kidogo kidogo na viganja, usivute kwa kucha. Mama mdogo anavaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika vizuri soksi haitelezi, amefundishwa na nesi na siku hizi anamaliza miguu yote miwili chai haijachemka. Isikunjwe juu, mkunjo unakua kamba.

Kitu kimoja tu, na hiki sio cha kupuuza. Soksi hizi sio za kila mtu. Kama mishipa inayoleta damu kutoka moyoni imeziba, wengi wao ni wenye kisukari au wavuta sigara wa muda mrefu, kubana mguu kunaweza kuua vidole. Kwahiyo kabla ya soksi daktari ashike mapigo ya juu ya wayo na kama hayaeleweki apime presha ya mguu alinganishe na ya mkono.

Sasa nirudi kwenye urembo, maana ndo uliomfikisha mama mdogo pabaya zaidi. Ile ngozi iliyoiva kifundoni ilimtia aibu, akauziwa kopo la mkorogo apake pawe sawa na sehemu nyingine. Nililisoma lile kopo, hakuna lebo ya maana, ila kwa jinsi lilivyofanya kazi haraka nina uhakika ndani kulikua na dawa kali ya familia ya klobetasoli. Hizo dawa zikipakwa bila mpango zinaikondesha ngozi mpaka inakua kama karatasi ya sigara, zinaleta michirizi, na kitu ambacho wadada wengi hawakijui ni kwamba zenyewe zinaleta ile mishipa myekundu myembamba usoni na mapajani. Yaani mtu anajichubua mwaka mzima alafu anaenda kutafuta dawa ya mishipa iliyoletwa na kujichubua. Mwingine ana zebaki ndani, hiyo inaenda kwenye figo. Mama mdogo alijikuna usiku mmoja, ngozi ikafunguka, na kidonda kikakaa pale mwaka na miezi minne. Watu waliita donda ndugu.

Ile rangi ya kahawia ya kifundoni haikua uchafu wala uzee, ni chuma kilichotoka kwenye damu iliyovuja ikakaa chini ya ngozi. Ni taarifa. Mguu ulikua unasema kidonda kinakuja, na sisi tukalipia mtu aifute taarifa.

Na hiyo tabia iko kwenye mambo mengi ya ngozi sio miguu tu. Madoa ya usoni ya kina mama, kitu cha kwanza ni jua, na hapa kwetu tunadanganywa na baridi, Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari na kadri unavyopanda ndivyo miale inavyokua mikali hata kama umevaa sweta, kofia pana na krimu ya kuzuia jua vinasaidia kuliko kopo lolote. Keloidi, lile kovu linalovimba na kukua, ni hivyo hivyo, inachomwa sindano ndani yake mara kadhaa, ukiikata tu bila kitu kingine mara nyingi inarudi, tena kubwa zaidi. Wataalamu wa ngozi tunao, kile chuo cha ngozi pale KCMC Moshi kinafundisha tangu 1992. Na usimamizi wa vipodozi tangu 2019 umehamia shirika la viwango, TBS, kutoka ile mamlaka ya chakula na dawa iliyokua TFDA, sawa, ila makopo yanaendelea kupita, na mpaka wa Tunduma uko pale tunauona.

Najua kuna atakaesema mkoa una akina mama wanaokufa kwa uzazi, watoto wana utapiamlo, wewe unaongelea mishipa. Nimeambiwa hivyo uso kwa uso. Jibu langu ni kidonda. Uingereza walifanya utafiti kwa watu 450 wenye vidonda vya namna hii, ukatoka 2018, wote walibanwa bandeji, ila nusu yao walizibwa vena mapema bila kusubiri. Waliozibwa mapema nusu yao walikua wamepona ndani ya siku 56, wengine siku 82. Hizo ni siku 26 za kufungua meza sokoni. Mama mdogo kwa ule mwaka na miezi minne meza yake ilikaa na binti yake aliyeacha chuo. Mimi hilo silihesabu kama urembo. Na sio kwamba naomba jengo jipya, utrasaundi tayari zipo kwenye hospitali nyingi za mikoa yetu, zinapima wajawazito kutwa, kinachokosekana mara nyingi ni kichwa cha kupimia mishipa na mtu aliefundishwa kumsimamisha mgonjwa. Na soksi na bandeji za kubana ziingie kwenye bima kama dawa nyingine, zisihesabiwe kama nguo.

Mambo mawili ya haraka kwa yeyote mwenye mishipa nyumbani. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma shavuni, usichuliwe na mtu yeyote, ni hospitali siku hiyo hiyo, linaweza kuwa bonge la damu ndani na likipanda mapafuni linaua. Na mshipa ukipasuka, mara nyingi ni bafuni kwenye maji ya moto, damu inaruka kweli na mtu anachanganyikiwa anakimbia au anakaa kwenye kiti. Alale chini hapo hapo, mguu uinuliwe juu ya ukuta, ubanwe na kitambaa kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia, alafu apelekwe. Akiwa amesimama damu haikati.

Mama mdogo tulimpeleka Dar, bandeji miezi miwili na nusu, povu mara mbili. Kidonda kimefunga, limebaki kovu la ukubwa wa shilingi mia. Jumamosi iliyopita nimemkuta pale mezani kwake saa kumi na mbili kasoro, giza bado, amekalia gunia, ndio amekaa, kashika futi kamba ya fundi cherehani, anawapima akina mama wenzake vifundo kabla mguu haujavimba ili nikienda Dar niwaletee soksi za namba zao. Sentimita 23, 25, 24, anaandika kwenye daftari la madeni. Wa tano ni mama wa maparachichi, ana kisukari na miguu yake ni ya baridi kuliko ya wengine. Mama mdogo akaizungushia ile futi, akaangalia, akaitoa. Akamwambia dada yangu wewe sikuandiki, twende kwanza Jumatatu ukashikwe mapigo, nitakusindikiza.